Kwa Nini Chuma cha Mfupa Kipakwe Dawa?

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea nyoosha mkono ujipapase muundi wako, hapo mbele ya mguu kati ya goti na kifundo. Umeona? Ngozi, kisha mfupa. Nyama hamna. Ndiyo maana mtu akigongwa na gari au akianguka na pikipiki, mfupa wa muundi ukivunjika aghalabu hutoboa ngozi ukachungulia nje. Na mfupa uliochungulia nje umekwisha kukutana na vumbi, tope, nyuzi za suruali na kila kilichokuwa barabarani. Somo letu la leo linaanzia hapo.

Siku hizi mtu aliyevunjika mfupa mrefu si lazima alale miezi mitatu mguu ukiwa umevutwa kwa kamba na uzito kama walivyolala babu zetu. Daktari wa mifupa humpasua, akaunga mfupa kwa chuma, na baada ya muda mfupi mgonjwa anatembea na magongo. "Ana chuma mguuni," ndivyo tusemavyo mtaani. Chuma hicho ni cha namna kadha. Kuna bamba linalofungwa kwa skrubu ubavuni mwa mfupa. Kuna msumari mrefu unaopitishwa ndani ya mfupa wenyewe, mle mnamokaa uboho. Na kwa wazee ambao nyonga au magoti yao yamesagika, kuna kiungo kizima cha bandia. Vyote hivi tutaviita vipandikizi, yaani vitu vilivyopandikizwa mwilini.

Huenda ukauliza: chuma kimechemshwa kikawa safi kabisa, daktari amevaa glovu, chumba cha upasuaji kinanukia dawa; wadudu watoke wapi? Watoke kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe, kwanza. Hata uoge mara tatu kwa siku, ngozi yako ni makao ya bakteria waitwao stafilokoka, na wengi wao hawana ubaya wowote wakikaa huko nje. Wengine hutoka hewani, wengine hutoka kwenye kidonda chenyewe ikiwa mfupa ulitoboa ngozi. Wachache sana wakiingia, kwa kawaida chembe nyeupe za damu huwamaliza na mambo yakaisha. Lakini palipo na chuma, hesabu hubadilika.

Jambo hili lilithibitishwa Uingereza mwaka 1957 na wataalamu wawili, Elek na Conen. Waliwadunga stafilokoka watu waliojitolea (jamani, kuna watu majasiri!) ili wajue ni bakteria wangapi wanaotosha kuleta jipu. Ilihitajika mamilioni. Kisha wakatia uzi wa hariri wa kushonea ngozini, wakajaribu tena. Mara hii bakteria mia kadhaa tu walitosha. Uzi mmoja! Sasa piga picha ya msumari wa chuma wenye urefu wa rula ya darasani uliolala ndani ya mfupa.

Sababu ni kwamba kitu kigeni hakina damu. Chembe nyeupe husafiri kwa damu, na dawa unayomeza au unayodungwa husafiri kwa damu vilevile. Uso wa chuma ni kama kisiwa kisichokuwa na daraja. Bakteria akitua pale ana nafasi ya kupumua, na akipata nafasi hiyo hafanyi mchezo: anajinata, anazaana, kisha yeye na wenzake wanatoa ute wa kujifunika. Ute huo ndio utando wa bakteria.

Utando huu unaujua, ila pengine hukuwahi kuuita hivyo. Chukua mtungi wa plastiki uliowekwa maji wiki tatu bila kuoshwa. Pitisha kidole ndani. Ule utelezi unaoushika ni jamaa wa ukoo huo huo. Je, ukimwaga maji ukasuuza mara moja unatoka? Thubutu! Nyumbani tunatia changarawe na kutikisa mpaka mikono iume. Ndani ya mfupa nako ni hivyo hivyo. Wakishajifunika, bakteria wengine huhitaji dawa mara mia au hata mara elfu zaidi ya ile ambayo ingewaua wakiwa wanaelea peke yao. Dawa nyingi hivyo huwezi kumpa mtu kwa mdomo wala kwa dripu. Utamuua mwenyewe kabla ya wadudu.

Mwaka 1987 daktari Mmarekani Anthony Gristina alieleza kwamba chuma kikiingia mwilini huwa kuna mashindano ya kuuwahi uso wake. Upande mmoja ni chembe za mwili wa mgonjwa, upande wa pili ni bakteria. Mimi huona ni kama kituo cha matatu jioni mvua inaponyesha. Gari moja limefika, viti ni kumi na vinne, na atakayeketi kwanza ndiye mwenye kiti. Chembe za mwili zikitangulia, chuma hukumbatiwa na mfupa, na bakteria anayechelewa hukuta hakuna pa kukaa. Bakteria wakitangulia, basi, kuwashusha ni kazi. Na mashindano yenyewe huamuliwa katika saa na siku za mwanzo.

Binamu yangu mmoja, mwendesha bodaboda, alishindwa katika mashindano haya. Aliwekewa msumari kwenye muundi, akarudi nyumbani vizuri. Mwezi wa pili kidoa chekundu kilitokea karibu na kovu, kikapasuka, kikatoa usaha. Katika kliniki aliyokwenda alipewa vidonge vya wiki moja. Usaha ukakauka, akafurahi. Baada ya wiki tatu ukarudi. Akapewa vidonge vingine. Mchezo huo ulichezwa mara nne, na kila mara nyumbani tukisema sasa amepona. Hatimaye alipofika kwa daktari wa mifupa alipasuliwa tena, msumari ukatolewa, mfupa uliooza ukakwanguliwa, na pikipiki ikauzwa kulipia. Leo anatembea, ila mguu mmoja ni mfupi. Msomaji akikumbuka mfano wa mtungi ataelewa kwa nini vidonge vile vilikuwa vinakausha usaha bila kumaliza ugonjwa: vilikuwa vinasuuza tu.

Sasa tuingie kwenye kiini. Ikiwa dawa ya kupitia damuni haifiki vya kutosha kwenye uso wa chuma, na ikiwa mashindano huamuliwa mapema, je, kwa nini tusiiweke dawa pale pale juu ya chuma, ili bakteria atakapotua akanyage sumu? Wazo ni sahili hata mtoto wa darasa la sita angelitoa. Utekelezaji wake ndio uliochukua zaidi ya nusu karne.

Aliyefungua njia alikuwa Mjerumani, Hans-Wilhelm Buchholz wa Hamburg. Wakati huo, miaka ya 1960, upasuaji wa kuweka nyonga za bandia ulikuwa umeshika kasi kwa juhudi za Mwingereza John Charnley. Charnley alikuwa akishikiza nyonga zake kwa saruji ya mifupa. Usidhani ni saruji ya Bamburi! Ni plastiki ya jamii ya ile inayotumiwa kutengeneza meno ya bandia. Huchanganywa unga na maji yake, ikawa kama ugali mwororo, kisha huganda baada ya dakika chache ikawa ngumu. Charnley alipambana na uambukizo kwa kusafisha hewa ya chumba cha upasuaji, akafanikiwa sana. Buchholz alifikiri kwa njia nyingine: kwa nini dawa isikandwe pamoja na saruji? Alijaribu dawa kadha, na yeye na mwenzake Engelbrecht wakachapisha habari hiyo mwaka 1970.

Dawa iliyoshinda ni jentamaisini, ile ambayo wauguzi wetu huiita "jenta" na ambayo wengi wetu tumewahi kudungwa. Kwa nini yenyewe? Hapa kuna somo la kemia. Saruji inapoganda hutoa joto kali, na dawa nyingi zikipata joto huharibika, jentamaisini huvumilia. Pili, huyeyuka majini, kwa hivyo hutoka kwenye saruji ikaingia katika majimaji yaliyoizunguka. Tatu, huua bakteria wa aina nyingi. Tena ina faida moja kubwa: jentamaisini nyingi katika damu huumiza figo na masikio, lakini ikiwekwa mahali pamoja hufikia nguvu kubwa sana pale pale kwenye jeraha huku damuni ikiingia kidogo tu. Yaani sumu inabaki kwa adui.

Huko Norwei, ambako nyonga za bandia huandikwa kwenye daftari la taifa tangu mwaka 1987, watafiti walichunguza zaidi ya nyonga 22,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliopata dawa kwa njia zote mbili, ya damu na ya saruji, ndio waliorudishwa kupasuliwa mara chache zaidi kuliko waliopata njia moja tu. Angalia vizuri neno "zote mbili". Dawa ya chumani haikuja kuifukuza dawa ya dripu. Zinasaidiana.

Mjerumani mwingine, Klaus Klemm wa Frankfurt, naye katika miaka ya 1970 akatengeneza shanga za saruji hiyo yenye jentamaisini, zikatungwa kwenye waya kama mkufu, na mkufu ukalazwa ndani ya mfupa uliooza. Kazi nzuri, ila shanga hizo baadaye sharti zitolewe, na kuzitoa ni kupasuliwa tena.

Lakini msumari wa muundi hautumii saruji. Huingizwa mkavu, tena kwa kugongwa kwa nyundo! Kwa hivyo ilihitajika namna ya kuupaka dawa moja kwa moja, mpako usiobanduka msumari unapopita kwa nguvu katika tundu la mfupa, usiomdhuru mgonjwa, na unaoyeyuka wenyewe kazi ikiisha. Jibu lilipatikana katika kitu ambacho sisi wapenda maziwa lala tunakijua kwa ulimi: asidi ya laktiki. Chembechembe zake zikiunganishwa kwa mnyororo mrefu hupatikana plastiki laini iitwayo polilaktidi. Mwilini mnyororo huo hukatika polepole, ukarudi kuwa asidi ileile, na mwili unajua la kuifanya kwa kuwa misuli yenyewe huitoa tukikimbia. Ndani ya polilaktidi hiyo huchanganywa jentamaisini, na msumari ukapakwa tabaka ambalo unene wake haufiki sehemu ya kumi ya milimita. Mwaka 2005 msumari wa muundi wa aina hii uliruhusiwa kuuzwa Ulaya.

Mpako huu hutoa sehemu kubwa ya dawa yake siku ya kwanza, kisha kinachobaki hutoka kidogo kidogo. Wengine hufikiri hilo ni kasoro, kwamba dawa ingekaa miezi. Nadhani wanakosea. Kumbuka kituo cha matatu: viti hugombewa gari linapofika. Dawa kidogo inayodondoka miezi sita, isiyotosha kuua, huwafundisha bakteria kuizoea, na bakteria aliyeizoea dawa ni balaa kwa mgonjwa huyu na kwa wodi nzima. Afadhali kipigo kikali cha mapema, halafu kimya.

Waitaliano nao wakaja na njia ya uji. Ni uji mzito uliotengenezwa kwa polilaktidi hiyo pamoja na kitu kingine kilichomo kiasili katika majimaji ya viungo vyetu. Unakuja kama unga. Daktari huukoroga kwa maji yenye dawa aliyoichagua mwenyewe, kisha huupaka kwenye chuma kama siagi kwenye mkate, na ndani ya siku tatu hivi umekwisha kutoweka. Ubora wa njia hii ni ule uchaguzi: kama katika hospitali fulani bakteria wamekwisha kuizoea jenta, daktari hutia dawa nyingine.

Je, inafaa kweli? Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Ulaya juu ya viungo vya bandia, wagonjwa wakagawanywa kwa bahati nasibu. Katika kundi lililopakwa uji, mmoja alipata uambukizo. Katika kundi lisilopakwa, 11. Mwaka 2017 ukafuata wa mifupa iliyovunjika bila ngozi kupasuka, wagonjwa 253: waliopakwa hakuna hata mmoja, wasiopakwa 6. Takwimu za kupendeza. Hata hivyo, mwanafunzi wa hesabu asishangilie haraka. Sita na sifuri ni tofauti, lakini wagonjwa watatu tu wakihama upande, hadithi huwa nyingine. Kuhusu misumari iliyopakwa jenta, taarifa nyingi ni za vikundi vidogo visivyokuwa na kundi la kulinganishia, na wachache waliambukizwa hata hivyo. Mimi ningesema mpako unapunguza hatari. Anayesema unaiondoa anauza.

Na tukizungumzia kuuza, bei ndiyo inayotuuma sisi huku. Msumari wa kawaida wenyewe ni mzigo kwa familia nyingi. Kuna shirika la Marekani, SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Lewis Zirkle, linalotoa misumari kwa hospitali zisizojiweza, na hapa kwetu imetumika Kijabe na Tenwek. Ina sifa ya kuweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Msumari wa Ulaya uliokwisha kupakwa dawa kiwandani ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana mimi hupenda zaidi mbinu za kujitengenezea. Mojawapo ilielezwa mwaka 2002 na Paley na Herzenberg huko Marekani, na kwa uzuri wake hata fundi wa jua kali angeisifu. Chukua mrija wa plastiki ambao hospitali huutumia kutolea maji au damu kifuani. Pakaza mafuta safi ndani ili kitu kisigande. Koroga saruji ya mifupa pamoja na dawa ikiwa bado majimaji, ijaze mrijani, kisha tumbukiza ufito wa chuma katikati. Subiri igande. Pasua mrija kwa kisu, uuvue kama unavyomenya muwa, na hapo mkononi una msumari uliovishwa dawa, uliotengenezwa kwa vitu vilivyomo kwenye kabati la hospitali. Huu hutumiwa hasa mfupa ukiwa umekwisha kuambukizwa, baada ya chuma cha zamani kutolewa na mfupa kukwanguliwa. Haubebi uzito kama msumari halisi, lakini huikalisha dawa mahali inapotakiwa.

Mbinu nyingine ni rahisi zaidi: kunyunyiza unga. Mwaka 2021 Wamarekani walitoa matokeo ya wagonjwa 980 waliovunjika karibu na goti au kifundo, majeraha yanayoambukizwa kwa urahisi. Nusu walinyunyiziwa gramu moja ya vankomaisini juu ya chuma kabla ya kushonwa. Katika miezi sita, uambukizo wa ndani ulikuwa asilimia 6.4 kwa walionyunyiziwa na 9.8 kwa wasionyunyiziwa. Vankomaisini huua zaidi jamii ya stafilokoka. Bakteria wa jamii nyingine hawakupungua. Na jirani zetu hawakukaa bure: katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walianzisha utafiti wa kudunga jentamaisini moja kwa moja kwenye muundi uliovunjika ngozi ikapasuka. Jenta ni dawa ya bei nafuu inayopatikana kwetu, basi swali wanaloliuliza ni swali letu hasa.

Hapo kando, neno kwa wanachama wenzangu. Nilipokuwa nikitayarisha makala haya niliambiwa eti mambo ya sayansi ya namna hii hayasemeki kwa Kiswahili. Mmesoma wenyewe: kipandikizi, mpako, utando, uboho, muundi, usaha. Palipokosekana neno tumekopa na kulivisha nguo zetu, kama vile jentamaisini. Ubishi unaobaki ni kama tuseme viuavijasumu au antibayotiki. Mimi nimeandika "dawa" tu kwa kuwa ndilo mgonjwa alijualo, na walimu waniwie radhi.

Turudi kwenye mguu. Mpako wowote, uwe wa Ulaya au wa mrijani, hufanya kazi mahali palipokwisha kusafishwa. Aliyevunjika mfupa ngozi ikapasuka anahitaji dawa ya kupitia damuni mapema iwezekanavyo, asingoje zamu ya kupasuliwa. Anahitaji kidonda kioshwe kwa maji mengi na nyama iliyokufa ikatwe. Nywele za mguu zisinyolewe kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji, kwa kuwa mikwaruzo ya wembe ni milango ya bakteria. Zikiwa lazima zitolewe, zikatwe kwa mashine. Na mwenye chuma akiona wekundu, joto, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au tone la usaha hata kama haliumi, aende kwa waliomwekea chuma wachukue sampuli ndani ya jeraha, kabla ya kumeza kidonge chochote. Kidonge kikitangulia, maabara huenda wasimwone mdudu, na daktari akabaki akikisia.

Kwa mkutano wetu ujao wa chama, kila mmoja aje na majibu ya haya: Kwa nini Elek na Conen walitumia uzi na si dawa? Ungekuwa mkuu wa hospitali yenye fedha za misumari iliyopakwa kumi tu kwa mwaka, ungewapa wagonjwa gani? Na neno lako la Kiswahili kwa ule msumari wa mrijani ni lipi?